Jumatatu Niliyompa Mzee Yeremia

Marahaba, vijana, marahaba. Mmeniletea daftari na kalamu mbili, mkasema niandike namna ya kukaza mashine ya kumenya kahawa, maana kuanzia msimu huu mnaishika ninyi, na mimi mgongo umenistaafisha kabla ya umri. Kalamu mbili za nini? Mtu wa darasa la nne mnategemea amalize hata moja? Haya, nitaandika. Lakini nitaandika kama ninavyoongea, na mkikuta nimejisifu mvumilie, kwa sababu nisipojisifu mimi hakuna atakayewaambia ukweli huu: kuanzia hapa Ukata mpaka Mpepai, na kuzunguka hadi Ruanda ya hapa hapa Mbinga, mashine ya kumenya ambayo haijawahi kufunguliwa na mikono hii, basi hiyo ilikuwa haijaharibika.

Tuanze na kukaza, msije mkasema Fundi Kasiani amekula daftari letu bure. Ndani ya mashine kuna ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu. Mbele ya ngoma kuna chuma tunachokiita kifua. Tunda linapita katikati ya ngoma na kifua, ganda linatupwa nyuma, mbegu zinatoka mbele pamoja na maji. Ile nafasi ya katikati ndiyo ufundi wote. Ukikaza mno, mbegu zinakatwa. Ukilegeza mno, matunda yanapita mazima kama abiria wasio na tiketi. Msikaze kwa matunda ya wiki ya kwanza, maana yale ni madogo. Yakija manene ya katikati ya msimu mtayasaga. Tia maji kwanza, weka matunda ya kopo moja, zungusha, halafu kaangalie pande zote mbili: mbele kama kuna mbegu zenye jeraha, nyuma kama kuna matunda mazima. Na sikiliza. Mashine iliyokaa sawa inalia kama mvua kwenye majani ya mgomba. Ikilia kama mbwa anatafuna mfupa, zima.

Hayo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mzee Yeremia, na hapo ndipo habari yangu ilipo, kwa sababu yale ya bolti na nati mtayajua wenyewe mkishaumia vidole.

Mzee Yeremia hakuwa mtu wa huku milimani. Alikuwa Mnyasa wa ziwani, kutoka upande wa Mbamba Bay, fundi wa injini za boti tangu ujana wake. Chama cha ushirika ndicho kilichompandisha huku kutengeneza mashine zake, akaoa Mama Tabita wa hapa hapa, akapanda mikahawa, akabaki. Sisi wote huku ni Wakatoliki tangu babu zetu. Yeye na mkewe, pamoja na kaya nne au tano za kule bondeni, walikuwa wanasali Jumamosi. Ijumaa jua likigusa mlima, Mzee Yeremia ananawa mikono, anafunga sanduku la spana, na hata mashine iwe imefunguliwa vipande vipande, anaiacha hivyo hivyo mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Siku ya kwanza kuniachia mashine peke yangu niliikaza mpaka ikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu. Nikamenya kahawa ya kilima kizima. Aliporudi akachota konzi moja, akaitazama, akanimwagia kiganjani.

"Kasiani, hizi umezimenya au umezitafuna?"

Nililala na zile mbegu mfukoni wiki nzima, na tangu siku hiyo sijakata mbegu ya mtu.

Sasa, wakati ule chama ndicho kilichokuwa mnunuzi peke yake, na kwenye mlango wa ghala lake palikuwa na ubao wa bati wenye masharti. Chuma matunda mekundu tu. Menya siku ile ile. Osha kwa maji safi. Anika juu ya kichanja, usianike chini. Yalikuwa masharti saba, lakini watu waliyaita amri kumi, na karani wa ghala tukamwita Musa. Kahawa ikiwa na doa, Musa alinyoosha kidole kwenye ubao bila kufungua mdomo, na wewe unabeba gunia lako unarudi nalo.

Halafu ikaja ruhusa, soko huria. Kampuni za watu binafsi zikapanda na magari mpaka mlangoni kwako, zikanunua kahawa ya kila namna, iliyooshwa na isiyooshwa, na wakati mwingine ikiwa na kokoto ndani. Ghala la chama likafungwa. Watu wakasema sasa tumeingia Agano Jipya, amri zimekufa. Utani huo ulienea mpaka kilabuni. Na pale sokoni Mbinga, katika miaka hiyo hiyo, alikuja mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti, akisema torati yote imepigiliwa msalabani, hakuna sheria tena, ni neema tupu. Mimi nilimpenda sana. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe, aliyeanza na kaptula moja na spana ya kuazima, akiambiwa kwamba hakuna sheria juu yake, anaona ameeleweka.

Ule ubao wa bati niliuchukua mimi. Chama kilipofunga nilinunua mashine yao iliyochakaa, ile kubwa ya injini, nikaifufua bila msaada wa mtu, nikaifunga hapa mtoni. Kaya zikaja kujiunga, kila moja na siku yake ya kumenya. Nikageuza ubao upande wa nyuma, nikaupaka rangi, nikaandika zamu za wiki. Kwa hiyo mkiugeuza hata leo mtayakuta masharti saba ya chama bado yanasomeka, na upande wa pili ziko sheria zangu. Jumatatu niliandika KASIANI. Jumapili niliandika KUFULI.

Kwa nini Jumatatu nilijipa mimi? Kwa sababu Jumapili baada ya misa shemeji, wajukuu na majirani wote wanakuja kuchuma kwangu, wanakula, wanaimba, na jioni lundo langu linakuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Jumatatu asubuhi mashine imepumzika, imepakwa grisi, maji ni meupe. Hiyo ndiyo siku ya mwenye mashine. Sikuona haja ya kumweleza mtu.

Mzee Yeremia alichelewa kujiunga, maana alikuwa na mashine yake ndogo ya mkono. Ilipopasuka ngoma, alikuja. Siku iliyokuwa imebaki ilikuwa Alhamisi.

Nisimame kidogo hapa niwaeleze wale msiojua, mpate kuelewa kisa cha Alhamisi. Kahawa ikishamenywa bado ina utelezi. Unaivundika kwenye tangi mpaka utelezi ulegee, ndipo unaosha. Huku kwetu wakati wa joto inachukua siku moja na kitu. Mwezi wa saba baridi ikishuka inaweza kufika siku mbili, hata zaidi. Kupima ni rahisi: chomeka fimbo katikati ya kahawa, ichomoe. Shimo likijifunga, bado. Shimo likibaki wazi, osha, na usingoje kunywa hata chai, maana kahawa iliyopitiliza inanuka, na harufu hiyo haitoki tena. Gunia moja la hivyo linaharibu gari zima.

Kwa hiyo ukimenya Alhamisi, kahawa inaiva lini? Ijumaa jioni ukiwa na bahati. Jumamosi kama huna.

Alinitazama, akatazama ubao. "Kasiani, hakuna siku nyingine? Jumatatu, au hata Jumanne?"

"Zote zina wenyewe, Mzee. Na hayo mambo ya Jumamosi, si ni ya agano la kale? Tumeshavuka."

Hakubishana. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani. Mwaka mmoja tuliteremka naye ziwani kupeleka mhimili wa mashine kwenye karakana moja ukachongwe. Ulikamilika Ijumaa alasiri, na lori la kurudi lilikuwa Jumamosi asubuhi. Akasema yeye hasafiri. Nikabaki naye nikiwa nimevimba kwa hasira, nikashinda nakula kambale mbele yake, makusudi kabisa, maana nilijua samaki asiye na magamba kwake ni mwiko. Yeye alikuwa na mbasa wake wawili, samaki wa ziwani wenye magamba, waliopikwa tangu jana yake. Akaniuliza, "Kitamu?" Nikamwambia kitamu sana, Mzee. Akasema, "Basi mshukuru Mungu." Akaendelea kutazama maji. Siku ile ilikuwa shwari, milima ya ng'ambo inaonekana kama unaweza kuigusa, na mimi niliikalia yote nikiwa nimenuna. Siku nzuri namna ile sijaipata tena.

Wiki za mwanzo Alhamisi ilikubali. Kulikuwa na joto, Ijumaa alasiri Mzee Yeremia na Mama Tabita wanaosha, jua likizama wako nyumbani. Halafu baridi ya mwezi wa saba ikashuka, na ikawakuta kwenye mchumo wao mkubwa wa mwaka. Ni wazee wawili, watoto wako mbali, na mchumo ule ndio uliokuwa unawavusha mpaka mwaka mwingine. Ijumaa jioni nilimwona anachomeka fimbo. Shimo likajifunga. Akachomeka tena, likajifunga. Jua likagusa mlima. Akafunika tangi kwa magunia, akanawa mikono, akaondoka.

Jumamosi ukungu ukapasuka mapema, jua likawaka kana kwamba tuko Mbamba Bay. Saa nne hivi nikachomeka fimbo mwenyewe. Shimo wazi, limekaa kama tundu la panya. Ingefika jioni ile kahawa ingekuwa ya kutupa. Nikajisemea, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Nikapandisha suruali, nikaosha. Maji mara nne. Nikaianika kwenye kichanja chake, nyeupe, inang'aa. Nikakaa pale nikingoja kushukuriwa.

Jua lilipozama akaja.

"Nani ameosha?"

"Mimi, Mzee. Kwa mikono yangu hii. Ilikuwa tayari tangu saa nne, ingenuka."

"Leo?"

"Leo."

Akachukua mbegu chache, akazinusa, akazisugua. "Umeosha vizuri," akasema. Kisha akazirudisha kichanjani moja moja. "Siwezi kuichukua."

"Kwa nini? Wewe hukufanya kazi! Nimefanya mimi!"

"Amri hainitaji mimi tu. Inamtaja mtumishi, inamtaja mnyama, inamtaja mpaka mgeni aliye ndani ya malango. Wewe ni nani katika hao?"

"Mnyama siyo."

"Basi tuseme mgeni."

Nikaona hapa lazima nimpige na Maandiko, maana yule wa kipaza sauti alikuwa amenijaza. "Mzee, Bwana mwenyewe aliwauliza wale wakubwa wa sheria: nani mwenye kondoo, akatumbukia shimoni siku ya sabato, asimtoe? Kahawa yako ilikuwa kondoo shimoni!"

"Kahawa siyo kondoo, Kasiani. Kondoo analia."

Akaniwekea mkono begani. "Umenipenda, nimeona. Lakini hukuniuliza."

Kesho yake, sisi tukiwa misani, yeye na mkewe waliibeba ile kahawa yote wakaichimbia kwenye mashina ya mikahawa yao, kama samadi. Mchumo wa mwaka. Niliporudi nikakuta kichanja kitupu na Mama Tabita anakifagia. Akaniambia bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Mzee ameamua. Msimu ukiisha atang'oa mikahawa, apande maharage. "Anasema maharage hayana Jumamosi."

Vijana, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia Jumamosi, nikawakasirikia manabii wote. Mwalimu wangu, mtu aliyejua mlio wa mashine kuliko mlio wa tumbo lake, apande maharage kwa sababu ya siku moja ya wiki! Jumatatu hiyo nilimenya lundo langu bila raha. Nikaenda mjini kununua mkanda wa injini dukani kwa Bwana Saidi, mtu wa Kilwa aliyekuja huku na vipuri akaota mizizi, nikamwaga yote pale kaunta.

"Sasa wewe Fundi unataka nini kwangu, mkanda au fatwa?" akasema. "Mmoja ana Jumamosi, mmoja ana Jumapili, na mimi nina Ijumaa yangu saa saba. Nikiwasikiliza wote duka nitalifungua lini? Chukua mkanda wako. Ila nikuulize: huyo mzee alikulazimisha wewe uache kazi Jumamosi?"

"Hajawahi."

"Alikukataza kambale?"

"Hajawahi."

"Mh," akasema Bwana Saidi, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Ile "mh" ilinichoma zaidi ya hotuba. Nikapitia kwa katekista wetu Benedikto, mtu mpole aliyekuwa anatunza kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya kanisa. Nikamkuta anaondoa majani ya kivuli juu ya miche, maana ilikuwa inakaribia kuhamishwa. Nikamweleza kisa chote cha zamu, nikamwambia, Katekista, nipe neno moja la kummaliza Yeremia. Sheria ya kale imekwisha au haijaisha?

Akaendelea kuondoa majani. "Mimi ninavyoamini, na ndivyo Kanisa letu linavyofundisha, ile sheria ya Musa ilikuwa kama kivuli hiki. Ilikuwa njema. Bila kivuli mche unakauka. Lakini mche ukishashika, kivuli kinaondoka, kwa sababu kimefanya kazi yake. Sadaka za wanyama, tohara, vyakula, siku ile ya saba yenyewe, vyote vilimngoja Kristo. Amekuja. Tunasali Jumapili kwa sababu ndiyo siku aliyofufuka."

"Hilo! Hilo ndilo nitakalompelekea!"

"Ngoja. Yeremia naye anakubali kivuli kimeondoka. Hachinji mwana-kondoo, anajua Mwanakondoo ni nani. Ila yeye anasema zile kumi hazikuwa kivuli, zilikuwa mche. Na hata sisi tunazishika kumi, Kasiani. Tunachobishania ni namna ya kushika moja. Tutaulizana mpaka mbinguni."

"Na yule wa sokoni anayesema hakuna sheria yoyote?"

"Yule amekiondoa kivuli, akang'oa na mche." Akanyoosha mgongo. "Mtume aliyetuandikia kwamba tuko huru ndiye huyo huyo aliyeandika kwamba kama nyama inamwangusha ndugu yake, yeye nyama hatakula kamwe. Huyo alijua uhuru. Wewe umeshindwa kubadilisha zamu?"

Nilishuka kilima nikiwa nimekunja uso. Lakini mimi ni mtu wa kutafuta njia, ndivyo nilivyofika nilipofika. Nikapata moja. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Yeremia, nikamkuta anapiga nyundo kwenye jembe, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kubwa:

"Mzee, nimekufungulia Jumapili. Menya Jumapili, osha Jumanne. Jumamosi yako haiguswi."

Akaweka nyundo chini. "Jumapili mashine yako ina kufuli."

"Nitalifungua."

"Ulilifunga kwa nini?"

"Ni siku ya Bwana."

"Nani alikufungia? Polisi? Ufunguo anao padri?"

"Ufunguo ninao mimi. Nimefunga mwenyewe."

"Pale kwenye ubao kuna sharti la mtu limekulazimisha?"

"Hakuna. Ubao ni wangu."

Mzee Yeremia akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe! Wewe unayeniambia hakuna sheria! Yule nabii wa jina langu alisema siku zinakuja, Mungu ataandika sheria ndani ya watu, mioyoni, isiwe tena ya kusomewa. Sasa nimeiona. Umeandikwa, Kasiani, na wewe mwenyewe huna habari." Kisha akaacha kucheka. "Siwezi kukufungulisha kufuli hilo kwa ajili yangu. Nikufanyie wewe kama ulivyonifanyia mimi? Jumapili yako iache ilale. Mimi niliomba Jumatatu."

Nataka mlijue hili, ndiyo maana naliandika ingawa halinipambi: Jumapili, ambayo ni ya Mungu, nilikuwa tayari kuitoa mara moja. Jumatatu, ambayo ni yangu, ilinikwama kooni.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, Mama Otmari, nikitegemea ataniunga mkono. Alikuwa anachambua maharage.

"Mwezi mzima umemhubiria mzee wa watu uhuru," akasema. "Kumbe uhuru wenyewe ni wako tu?"

"Jumatatu ni siku ya mwenye mashine."

"Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Basi mwandishi si yupo? Rangi iko chini ya kitanda."

Nikachukua rangi. Nikafuta KASIANI pale juu, nikaandika YEREMIA, herufi kubwa, moja imepinda kwa hasira, mtaiona. Alhamisi nikaandika jina langu. Mzee alipokuja Jumatatu ya kwanza aliusoma ubao. Hakunishukuru. Alitoa spana mfukoni, akakaza bolti moja ya kifua niliyokuwa nimeiacha imelegea, akaanza kumimina matunda. Jumatano akaosha. Habari ya kupanda maharage sikuisikia tena.

Mngependa niishie hapo, nionekane mtu mwema. Lakini daftari lina kurasa, na kuna jambo la shimo.

Kwa kuwa sasa zamu yangu ilikuwa Alhamisi, kuosha kwangu kuliangukia Jumamosi. Jumamosi moja Mama Otmari na wenzake wote walikuwa wamekwenda kwenye harusi, nikabaki naosha peke yangu. Kabla ya kuosha nilitaka kuondoa maganda yaliyoziba mfereji, niyatupe shimoni. Mnalijua shimo la maganda lilivyokuwa, kina chake kinampita mtu, limejaa maganda ya msimu mzima yanayochemka kwa kuoza. Nilikuwa nimelaza ubao mmoja pembeni wa kukanyagia. Fundi wa mashine zote za Mbinga nikakanyaga ubao wenye utelezi, nikaingia mzima mzima na karai mkononi.

Yalinifika kifuani. Ya moto, yananata, na harufu inapanda mpaka kwenye macho. Nikijaribu kupanda, ukingo unateleza. Nikikanyaga kwa nguvu, nazama. Yakafika kwapani. Hapo niliacha kuwa fundi, nikapiga kelele kama mtoto. Nikaita mke wangu, nikaita majirani, nikaita watakatifu kwa majina yao. Hakuna aliyejibu. Kilima kizima kiko harusini.

Kisha nikasikia wimbo wa watu wawili unakaribia kwenye njia ya bondeni. Watu wa Jumamosi wanatoka kusali.

"Nani huyo humo?" Sauti ya Mzee Yeremia.

"Mimi, Mzee! Kasiani!"

Kichwa chake kikatokea ukingoni, na shati lake jeupe la ibada limefungwa mpaka kifungo cha juu. Akanitazama. "Kasiani, leo ni siku gani?"

"Mzee, nakuomba, usinifanyie hivyo!"

"Yeremia!" Mama Tabita akapiga kelele nyuma yake. "Mtoe mtu, utani baadaye!"

Lakini alikuwa ameshavua viatu. Akalala kifudifudi kwenye lile tope la maganda, na shati lake jeupe, Mama Tabita amemshika miguu, akanishika mkono huu wa kulia, akavuta. Nilikuwa mzito kuliko yeye. Akavuta, akapumzika, akavuta tena, mpaka nikatoka kama jino. Tukalala pale majanini sote wawili, wekundu na weusi, tunanuka kitu kimoja.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Mzee, leo umefanya kazi."

"Kondoo analia," akasema.

Mama Tabita akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka, halafu nikajikuta nalia kidogo, na kwa sababu uso wote ulikuwa maganda hakuna aliyejua. Mle tangini kahawa yangu ilikuwa imeshaiva. Niliiona fimbo imesimama kwenye shimo lililo wazi. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Mzee, na hiyo je?"

Akageuka, akaitazama. Akatega sikio, kwa makini kabisa, kama alivyokuwa anaitegea mashine.

"Inalia?"

"Hapana, Mzee."

"Basi osha mwenyewe." Akachukua viatu vyake, wakaondoka na mkewe wakiimba ule wimbo walioukatisha.

Niliosha. Maji mara nne.

Haya, mashine ni yenu. Ile ngazi iliyoegemezwa shimoni niliitengeneza wiki ile ile, msiitoe hata likiwa tupu. Ubao wa zamu upakeni rangi mpya mkitaka, na mkipenda wekeni simba na maua. Mzee Yeremia sasa anatembea na fimbo, ile ile ya kupimia kahawa, na hachumi tena mwenyewe, lakini mikahawa yake ipo, na ile iliyozikiwa mchumo mashinani inazaa kuliko yangu, jambo ambalo halijanifurahisha. Jumatatu ni ya nyumba ile. Siku mkiona haja ya kuibadilisha, msianze na rangi. Teremkeni kwanza bondeni mkamuulize.